Chini ya Ulimi

Kumpima nguruwe kunataka watu wawili na fimbo moja. Mmoja anamlaza ubavu na kumkalia begani. Mwingine anampitishia fimbo mdomoni ili asifunge taya, kisha anaushika ulimi kwa kitambaa na kuuvuta nje. Macho peke yake hayatoshi. Lazima upitishe kidole gumba chini ya ulimi, polepole, kutoka shinani hadi nchani, kwa sababu kuna punje ambazo hazionekani lakini kidole kinazikuta, kama mchanga ndani ya ugali. Nguruwe akiwa na punje, mnunuzi anasimama, anajipangusa mikono na kusema, "Huyu simchukui." Haelezi zaidi, na mwenye nguruwe haulizi.

Romani alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake, kuanzia kijijini kwake Mwazye na vijiji vya njia ya Matai. Alinunua nguruwe, akawapakia kwenye fuso na kuwauza Sumbawanga mjini. Watu walimjua kwa mambo mawili: hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hakumchukua nguruwe mwenye punje hata kwa bei ya kutupa. Nyama ya namna hiyo haikuwahi kuvuka kizingiti chake. Mkewe, Otilia, alipenda kuwaambia wageni, "Hapa kwangu kuleni bila wasiwasi. Huyu baba Teodori ana jicho kwenye kidole gumba."

Kwa hiyo mtoto wao wa kwanza, Teodori, alipoanza kuanguka, nguruwe hakumjia Romani akilini hata kidogo.

Teodori alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi huko Katandala, Sumbawanga mjini. Asubuhi moja ya mwezi wa Mei alikuwa anapima misumari, mteja akashangaa kuona misumari inamwagika na muuzaji hayupo. Alikuwa chini, nyuma ya meza, mwili unatetemeka, meno yameumana, povu linamtoka. Watu wakarudi nyuma hadi barabarani. Mmoja akapiga kelele, "Msimguse! Povu hilo linaambukiza!"

Aliyemgusa alikuwa Herieth, mchumba wake, ambaye cherehani yake ilikuwa kwenye baraza la duka la pili. Alimgeuza ubavu, akamwekea sweta chini ya kichwa, na mwili ulipotulia akamfuta povu kwa pindo la kitenge chake. Teodori alipofumbua macho, habari ya kitenge ilikuwa imeshapigiwa simu hadi kijijini kwao Herieth.

Alianguka tena mwezi uliofuata, na mara nyingine mbele ya kanisa. Ndipo mshenga wao, mzee Evaristi, akapanda pikipiki kuja Mwazye na ujumbe. Alikuta familia imekaa jikoni kwa sababu ya baridi, akanyoosha mikono motoni kabla ya kusema lolote.

"Wamevunja?" Otilia aliuliza.

"Hawajavunja, shemeji. Wamesema karibuni Agosti, tukishavuna, kama tulivyopatana. Lakini kabla ya kugusa habari ya mahari wanataka jibu la swali moja. Kifafa hicho ni cha ukoo?"

"Kwetu hakuna. Kwa kina Romani hakuna."

"Mimi najua. Eustaki, baba mtu, nadhani naye angekubali. Tatizo ni dada yake, Cornelia. Yule mama ulimi wake unaweza kunyoa ndevu." Evaristi akajishika kidevu kana kwamba alishanyolewa. "Anasema mtoto wao ameshalifuta povu kwa nguo yake. Anasema kama ni cha ukoo, mtawazalisha wajukuu wa kuangukia moto. Na kama mmerogwa, basi mkamalizane kwanza na aliyewaroga. Jina lenyewe la Sumbawanga, anasema, maana yake ni tupa uchawi. Watu hawakuanza kutupa kitu ambacho hakikuwapo."

Teodori, aliyekuwa amejikunyata na kikombe cha chai, akasema, "Mshenga, hukuwaambia kwamba meno yangu yote yapo?"

"Hayo walishayahesabu siku ya barua ya posa."

Wakacheka, na Otilia naye akacheka, lakini mkono wake ulibaki umesimama na mwiko ndani ya chungu. Romani alisukuma ukuni motoni. Alikuwa mtu wa kulitazama jambo upande huu, akaliacha, akarudi kulitazama upande wa pili.

Tabibu wa kituo cha afya alikuwa mama mmoja aitwaye Silvana. Alimhoji Teodori kwa muda mrefu, akamshikashika mikono na shingo kutafuta vinundu chini ya ngozi, kisha akaandika barua ya kwenda Mbeya kupigwa picha ya kichwa. Baba na mwana walikwenda pamoja. Waliporudi na bahasha kubwa ya kahawia, Silvana aliichomoa picha na kuiegemeza kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite.

Ubongo ulionekana kama kokwa lililopasuliwa. Ndani yake kulikuwa na madoa madogo ya mviringo, kila moja na nukta nyeupe katikati.

Romani alisogea. Bila kufikiri, alinyoosha mkono na kupitisha kidole gumba juu ya picha, polepole, kutoka chini kwenda juu.

"Hizi ni punje," akasema.

Silvana alimwangalia. "Umezijuaje?"

"Ndiyo kazi yangu. Lakini ni za nguruwe hizi."

"Ndizo zenyewe. Zinaota kwa nguruwe, na zinaweza kuota kwa mtu."

"Sisi hatujawahi kula nyama ya punje. Mtoto huyu amelelewa katika nyumba ambayo nyama hiyo haiingii."

"Hakuzipata kwa kula nyama," Silvana alisema. Alivuta kiti, akakaa ili asiwe anamsemesha kwa juu. "Baba, sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mtu akila nyama yenye punje ambayo haikuiva, punje inageuka kuwa tegu tumboni mwake. Ule mnyoo mrefu, bapa. Tegu anaishi utumboni, na mwenyewe anaweza asiumwe hata siku moja. Anataga mayai, mayai yanatoka na choo. Nguruwe akila kinyesi hicho, mayai yanaingia mwilini mwake na kuwa punje. Umenielewa hadi hapo?"

"Nimekuelewa."

"Sasa, mtu naye akiyameza mayai hayo, kwa mkono ambao haukunawa, kwa maji, kwa mboga, mayai hayana macho. Hayajui kama yameingia kwa mtu au kwa nguruwe. Yanakwenda kukaa. Ya Teodori yamekaa kichwani. Punje inapoanza kufa, ubongo unavimba pale ilipo, na hapo ndipo anaanguka."

Teodori alikuwa bado anaitazama picha. Sasa akasema, "Mjini nyama ya nguruwe tunaiita mdudu. Twende tukale mdudu, tunasema. Kumbe hatukuwa tunatania."

Silvana akatabasamu kidogo. Romani hakutabasamu.

"Mayai yalitoka kwa nani?" akauliza.

"Kwa mtu. Nguruwe hana mayai ya tegu, ana punje tu. Ni mtu, na mara nyingi ni mtu wa karibu. Anayekula naye, au anayempikia. Anaweza kuwa yeye mwenyewe Teodori. Picha haisemi ni nani."

"Kwa hiyo si kifafa cha ukoo."

"Hakirithiwi. Na povu haliambukizi. Atameza vidonge vya kuzuia kuanguka kila siku bila kuruka, na dawa ya punje wameshampangia Mbeya, atapewa akiwa chini ya uangalizi, kwa sababu zikifa zote kwa pamoja kichwa kinaweza kuvimba. Wengi wanapata nafuu kubwa."

"Naweza kuwaambia wakwe hivyo?"

"Waambie, ni kweli tupu," alisema Silvana. "Lakini jiandae. Watakuuliza swali lilelile uliloniuliza wewe."

Nyuma ya nyumba ya Romani kulikuwa na nguruwe jike, waliyemfuga wenyewe tangu akiwa mdogo. Wakati wa mvua alifungiwa zizini. Mavuno yakiisha aliachiwa azurure mashambani, kwenye vilima vidogo vya kulimia, vya nyasi zilizofukiwa, ambako maharage yalikuwa yameng'olewa, na ambako watu, wakiwa mbali na choo, walijisitiri nyuma ya majani kama walivyojisitiri wazee wao.

Romani hakuwahi kumpima. Wa kununua ndiye unayempima. Unayemlisha kwa mkono wako mwenyewe, unamtilia shaka ya nini?

Jioni aliyorudi kutoka kwa Silvana alichukua fimbo na kitambaa. Hakutaka kumwita jirani, kwa hiyo Otilia ndiye aliyemlaza nguruwe na kumkalia begani, sketi ameikusanya magotini, akimsemesha yule mnyama maneno ya kumtuliza kwa Kifipa. Romani akauvuta ulimi. Akapitisha kidole gumba. Akakirudisha. Akapitisha tena.

"Safi?" Otilia aliuliza.

Romani alisimama, akajipangusa mikono.

Otilia alikuwa amemwona akijipangusa namna hiyo mara nyingi, kwenye nyua za watu wengine. Alimwachia nguruwe, naye nguruwe akaondoka akiguna, hana habari na mambo yao.

Usiku huo, usingizi ukiwa haujamjia, Romani aliyapanga mambo kichwani. Nguruwe ni shahidi. Akiwa na punje, maana yake kuna mtu jirani yake mwenye tegu. Basi katika kila ua ambako alisema "Huyu simchukui", alikuwa anasema pia, bila kujua, kwamba hapa kuna mtu wa kupewa dawa. Alikuwa akiondoka kila mara. Na nguruwe aliyemwacha alichinjwa na wenyewe, akaliwa. Hakujua. Lakini kidole chake kilikuwa kimesoma kitu kikubwa miaka yote hiyo, naye alikuwa anaelewa nusu yake tu.

Alipita ua mmoja baada ya mwingine kwa kumbukumbu, kama mtu anayetembea njia ya Matai, hadi akafika ua mmoja wenye mti wa mparachichi na zizi la matofali. Akakumbuka dume kubwa, jeusi, lenye punje nne ulimini. Alikumbuka na hasira ya mwenyewe: "Unanitia aibu nyumbani kwangu, mbele ya watoto wangu!" Ilikuwa kabla Teodori hajaonana na Herieth. Mwenye dume lile alikuwa Eustaki.

Silvana alikuwa ametoa vikopo vya kuchukulia choo, kwa kila mtu wa nyumba. Teodori alipeleka chake, Romani akapeleka chake. Cha Otilia kilikaa kwenye rafu kando ya chumvi. Romani alikiona jana, akakiona leo. Mwishowe Otilia mwenyewe ndiye aliyezungumza, akiwa anapepeta ulezi, macho kwenye ungo.

"Hivyo vipande vya huyo tegu, tabibu alisema vinafananaje?"

"Hakusema. Sikumuuliza."

"Vyeupe," Otilia alisema. "Bapa. Kama tambi iliyokatwa."

Romani aliweka chini panga alilokuwa analinoa.

"Vinatoka kwangu tangu mwaka tulioezeka bati. Si kila siku. Mimi nilijua ni chango." Ungo haukuacha kutikisika. "Mama yangu aliniambia chango ni la kila mwanamke. Halifukuzwi, linatulizwa. Ukiliua, umeua na uzazi. Nikawa nakunywa mizizi, tumbo linanyamaza, naendelea na kazi. Nani anamwambia mumewe habari za chango?"

"Hakuna anayesema," Romani alikubali.

"Miaka yote hiyo nimesonga ugali wa mtoto yule."

Romani akachukua ungo mikononi mwake, akaendelea kupepeta yeye, vibaya, ulezi ukimwagikia kuku.

Majibu yalikuwa kama walivyotarajia: kwa Romani na Teodori hakuna kitu, kwa Otilia mayai ya tegu. Silvana alimuuliza kama naye amewahi kuanguka au kuumwa kichwa kisichoeleweka, akasema hapana, basi akampa dawa ameze palepale mbele yake. Hakumgombeza. Otilia alikuwa na swali moja tu.

"Na mikono yangu?"

"Mikono yako haina kosa, mama. Sabuni ukitoka chooni, sabuni kabla ya kupika. Na hicho choo chenu mkikarabati kila mtu akitumie, shambani pia muwe na jembe la kufukia."

Otilia alinawa. Alinawa hadi ngozi ya vidole ikapasuka. Aliacha kuonja mchuzi kwa kiganja. Teodori alipokuja nyumbani Jumamosi alikuta chakula kimeiva lakini mama yake hakipakui, amesimama mbali na chungu kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Jipakulie," akamwambia.

Teodori alimtazama, akaelewa. Romani alikuwa ameshamweleza. Akakaa chini, akaweka sahani tupu mbele yake.

"Mama, mdudu ameshindwa kuniua. Usimsaidie kwa kuniua na njaa."

"Nyamaza wewe."

"Nipakulie basi ninyamaze."

Otilia akapakua.

Siku chache kabla ya safari ya ukweni Evaristi alikuja kupanga maneno. Yeye alikuwa na shauri lake.

"Tuseme ni malaria iliyopanda kichwani. Hiyo kila mtu anaielewa, haina mwenyewe."

"Na akianguka mbele yao mwakani?" Romani aliuliza.

"Basi tuseme ni ugonjwa wa nguruwe, tuishie hapo. Wakiuliza mtu ni nani, tuseme hospitali haikusema."

"Wakishikilia sana, ninalo neno la kumjibu Eustaki." Romani aliwaeleza habari ya dume jeusi. Alieleza kwa utulivu, kama anavyoeleza kila kitu. "Punje nne. Ina maana hata nyumbani kwake kuna mtu mwenye tegu, na pengine yupo hadi leo. Hawezi kutunyooshea kidole."

Evaristi akapiga goti lake kwa furaha. "Hapo umewashika! Hilo dume litafunga mdomo wa Cornelia!"

Otilia alikuwa mlangoni na birika.

"Ukimwambia hivyo mbele ya watu," alisema, "utakuwa umemkataa nguruwe wake mara ya pili."

Akamimina chai.

Agosti upepo wa Ufipa hauna huruma. Siku walipokwenda kwa Eustaki ulikuwa unavuma vumbi jekundu, wakafika nguo zimebadilika rangi. Mti wa mparachichi ulikuwa palepale, na zizi la matofali palepale. Walisalimiana kwa heshima, vijana wakatoa shikamoo zao, wageni wakakaribishwa ndani. Harufu ya kuku na wali ilitoka jikoni, lakini chakula hakikuletwa. Eustaki alikaa kwenye kiti chenye mto, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu. Cornelia alikaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, mgongo wima. Herieth alikuwa karibu na mlango wa jikoni, kitenge kilekile kiunoni.

Evaristi alianza kwa mbali sana. Alianza na mavuno, akapita kwenye bei ya mahindi, akazungukia barabara ya lami, akaanza kuingia Mbeya.

"Mshenga," Cornelia alimkata, "huko Mbeya tutakwenda siku nyingine na nauli zetu. Sisi tumeuliza kifafa ni cha nani."

Watu wakaguna kicheko. Evaristi akamtazama Romani, na Romani akaeleza. Alieleza kama Silvana alivyoeleza, hatua kwa hatua: nyama, tegu, mayai, nguruwe, punje, kichwa. Hakuongeza wala kupunguza. Aliposema kwamba povu haliambukizi, Herieth akadakia kutoka mlangoni:

"Shangazi, nililifuta kwa kitenge hiki tangu Mei. Mbona bado nimesimama?"

"Wewe ngoja zamu yako," alisema Cornelia, lakini si kwa ukali. Akamgeukia Romani. "Baba, nimekusikia. Si ukoo, si uchawi, ni mdudu. Vizuri. Lakini umesema mayai yanatoka kwa mtu. Mtu anayekula naye au anayempikia. Mtoto wetu anakuja kula kwenu. Ni nani huyo?"

Upepo ulipiga bati. Romani alimtazama Eustaki. Neno la dume jeusi lilikuwa limeshafika chini ya ulimi wake, tayari, zito, na alijua kwamba likitoka hakuna atakayeuliza tena. Alijua pia kwamba hakuna atakayelisahau. Alifungua mdomo bila kuwa na uhakika ni lipi litakalotoka.

"Ni mimi," alisema Otilia.

Alikuwa amesimama. Mama wa mwanamume hasemi katika kikao kama kile, husemewa. Evaristi akanyoosha mkono kumkalisha, kisha akaurudisha.

"Ni mimi niliyekuwa na huyo tegu. Wamenipima, wakanipa dawa, nimepimwa tena hayupo. Lakini alikuwa kwangu miaka, na mimi ndiye ninayepika. Mtoto wangu amepata hicho mkononi mwangu. Mkisema binti yenu hawezi kula kwa mikono hii, nitaelewa. Ila msiseme ni damu ya Teodori. Damu yake ni safi. Wala msiseme amerogwa, kwa sababu mtamtafuta mchawi, na mchawi hayupo."

Cornelia alikuwa na jibu, kila mtu aliliona likija. "Mama Teodori, mtu mzima kama wewe, mnyoo unakaa tumboni miaka na huujui?"

"Niliujua. Nilijua ni chango."

Cornelia aliangalia mkeka. Wanawake waliokuwa kando yake nao wakaangalia mkeka, na mmoja akajivutia khanga mabegani.

"Nilikuwa nakunywa mizizi," Otilia aliendelea, sasa akisema na wanawake peke yao, ingawa wanaume walikuwapo. "Kama tulivyofundishwa. Linatulizwa, halifukuzwi. Vipande vinatoka, naosha, nanyamaza."

"Vipande vya namna gani?" Cornelia aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka kabisa, haikuwa tena ya kikao.

Otilia akapiga magoti kwenye mkeka, akamwonyesha kwa kucha, kwenye kiganja chake mwenyewe kilichopasuka: upana huu, urefu huu. Cornelia akatazama kile kiganja muda mrefu.

Eustaki alikuwa amemgeukia Romani.

"Lile dume langu," alisema polepole. "Lile jeusi ulilolikataa."

"Ndiyo."

"Lilikuwa na hizo punje."

"Lilikuwa nazo."

"Ulijua maana yake?"

"Sikujua. Nilijua nyama ni mbaya, basi. Ningejua ninachokijua sasa nisingeondoka. Ningekaa nikakueleza."

Eustaki alitikisa kichwa, akafikiri. "Tulilichinja jioni ileile. Nilisema una maringo. Nikawaita majirani, tukachoma, tukala tukikucheka." Akainama mbele kwenye kiti chake. "Na umekuja leo nalo mfukoni, hilo neno. Dada yangu amekubana hapa mbele ya watu, na hukulitoa."

Romani hakutaka sifa isiyokuwa yake. "Nilitaka kulitoa," akasema. "Mke wangu amenitangulia."

Cornelia akainuka kwenye mkeka, akajikung'uta kama mtu aliyemaliza kazi moja na anaanza nyingine.

"Swali letu limejibiwa," alisema. "Si cha ukoo. Herieth!"

"Abee, shangazi."

"Leta maji ya kunawa. Na sabuni. Si hiyo ya unga, ile ya kipande."

"Na mahari?" Evaristi aliuliza, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake.

"Mahari ipo, mshenga, haina miguu. Kwanza mikono."

Herieth akaleta jagi na beseni. Cornelia akalichukua jagi mwenyewe, akapita wanaume wote waliokuwa wamekwisha kunyoosha mikono, akaenda kupiga magoti mbele ya Otilia. Akammiminia maji, akampa sabuni, akangoja amalize. Kisha akamkabidhi Otilia jagi, akakunja mikono ya gauni lake, akanyoosha mikono yake yeye.

"Huyo Silvana wenu," akasema chini chini, maji yakimpita vidoleni, "anakuwapo siku gani?"

"Jumatatu nitakupeleka," Otilia alisema.

Chakula kikaingia. Eustaki alimega tonge la kwanza, akasita nalo mkononi, akamwinamia Romani.

"Tukimaliza kula, twende nyuma ya nyumba. Nina nguruwe wawili pale zizini. Nataka uwaangalie ulimi." Akalila lile tonge. "Ila safari hii, mkwe wangu, usijipanguse mikono ukaondoka."